Mama, Alama Zako Zimepanda Ukutani

Mama yangu Bi Tatu,

Shikamoo. Marahaba nitajiitikia mwenyewe, maana huko uliko barua zinapokelewa lakini hazijibiwi, na mie leo sina subira ya kungoja. Nina habari, nataka niimwage kabla haijapoa. Tumeshinda, mama. Kazi ya mikono yako iko kwenye ukuta wa darasa la awali, hapahapa Chang'ombe, imepigwa laminesheni na kubandikwa kwa gundi, na Mwalimu Mkuu kwa kinywa chake amesema atakayeibandua atajibu kwake. Wewe ambaye darasani uliingia siku za kupiga kura tu.

Najua ungekuwepo ungeniuliza, "Kazi gani hiyo? Hina nayo inapakwa ukutani?" Tulia, nikuhadithie vizuri. Ulikuwa unasema naanzaga hadithi mkiani.

Unakumbuka kazi uliyonipa nilipokuwa mdogo? Watoto wa wenzio walitumwa dukani. Mie nilikuwa mkunaji wa pua za maharusi. Bibi harusi akishapakwa hina mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, miguu imewekwa juu ya mto, haruhusiwi kugusa kitu mpaka ikauke, na hapo ndipo pua inapoanza kumwasha. Mimi nimekaa pembeni, mkono mmoja nampepea kwa kipepeo cha ukindu, kidole cha mkono wa pili kiko tayari. "Kulia kidogo, mdogo wangu. Juu. Hapohapo, usitoke." Nimekuna pua za Temeke nzima. Ile mara moja tulipoitwa Msasani, kwenye nyumba yenye kiyoyozi na zulia linalomeza miguu, nikakuna pua ya tajiri. Haikuwa na tofauti.

Nikiwa hapo pembeni nilikuwa nakutazama. Ulikuwa unachora huku ncha ya ulimi imechungulia nje. Unaanza na ua kubwa katikati ya kiganja, halafu ukiminya ile koni ya nailoni unatoa shina, linazunguka kifundo cha mkono, linapanda na majani yake mpaka kwenye kiwiko bila kukatika. "Shina la bibi harusi halikatwi," ulikuwa ukisema, na bibi harusi akicheka mkono ukatikisika ulimkaripia kama umemzaa wewe. Watu walipoanza kuja na simu za kupigia picha, ukawapa sharti: "Pigeni mkono. Uso anao siku zote." Nami nilipopata yangu nikafuata hivyohivyo, ndiyo maana hadi leo nina simu iliyojaa mikono ya watu na sijui hata mmoja ni wa nani.

Ualimu nimeusomea, hilo ulilishuhudia. Nikapangiwa Singida, nikakaa huko miaka, wewe ukatutoka, na mwisho nikahamishiwa shule iliyo mgongoni kwa mtaa wetu uleule. Hakuna aliyenitambua. Niliondoka mwembamba kama mti wa mshikaki, nimerudi na miwani na mwili wa kukaa viti viwili. Mie nami sikujitangaza. Nilitaka kwanza niwaone watu kabla hawajaniona.

Wakanipa darasa la awali. Watoto ni wa kujaza mabasi, mama, na hakuna hata mmoja anayejua kusoma jina lake. Kila mtoto ana begi na chupa ya maji, na kila asubuhi ilikuwa kesi ya ardhi: huyu kavamia mahali pa mwenzie, yule anadai alianza kukaa yeye, mashahidi wanalia. Nikapata wazo. Kila mtoto nimpige picha, niibandike ukutani, chini ya picha yake ndipo aweke begi lake. Nikapiga, nikaprinti steshenari, nikabandika. Nikarudi nyuma niutazame ukuta, nikaona kosa langu. Vipara vitupu, sare moja, na macho yaleyale ya kuogopa simu. Walikuwa wamefanana kama mbegu za tikiti. Kesi zikaongezeka.

Aliyeumia zaidi ni Nasra. Huyu wazazi wake wamehamia majuzi, wametoka Wazo, nyuma ya kiwanda cha saruji, wamepanga chumba kimoja huku kwetu na hawana ndugu wala jamaa. Kila asubuhi anashika mlango wa darasa kwa mikono miwili na kulia kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, kama mashine ya kusaga. Nikimbembeleza mpaka ukutani, anatazama zile picha, anazitazama tena, halafu ananiambia, "Mie sipo."

"Upo, mama. Si huyu hapa?"

"Huyo siye mie."

Anarudi mlangoni, mashine inawashwa tena. Mama yake alikuwa amechoka. Aliniambia, "Mwalimu, ikiendelea hivi namwacha nyumbani hadi mwakani. Nachelewa kibaruani kila siku kwa kumburuta."

Ndipo nikaingia kwenye kupamba picha. Sikufundishwa na mtu. Nilipakua programu kwenye simu nikaibonyezabonyeza mpaka ikanizoea. Ndani yake mna mapambo ya kupachika juu ya picha, ila walioyatengeneza hawajapata kufika Temeke. Mna theluji. Mna kofia za manyoya. Mna masikio na ulimi wa mtoto wa mbwa, ambayo mie niliyaona yanachekesha, nikawapachika watoto wa safu mbili za mbele. Kesho yake baba mmoja mwenye kanzu akanisubiri getini.

"Mwalimu, shikamoo ni yako kwa elimu yako. Lakini mimi asubuhi nimeleta mtu. Inakuwaje jioni narudishiwa mbwa?"

Nilibandua yote kabla ya mapumziko.

Nikakaa na simu mkononi, naperuzi bila mpango, na mikono yako ikajitokeza. Yaani ile mikono ya maharusi. Mama, yale mashina! Yanapinda kama yaliumbwa kuzunguka picha ya mtu. Nikaanza kuyachora upya kwa kidole juu ya kioo cha simu, kila usiku mtaa ukilala, nikifuata ulikopita wewe. Shina linaanzia kwenye ua kubwa chini, linapanda upande huu, linazunguka juu, linashuka upande wa pili. Katikati nikaweka uso wa mtoto. Na kwa kuwa hukuwahi kurudia ua, kila mtoto akapata lake. Nikaprinti, nikabandika, nikarudi nyuma kuutazama ukuta, na safari hii nilikaa chini.

Nasra alikuja akilia kama kawaida. Nikamfikisha ukutani. Akaweka kidole kwenye ua moja, akaanza kulifuata shina lake polepole, mashine ikapunguza sauti, kidole kikazunguka mpaka kikarudi kilikoanzia, ndipo akanyanyua macho katikati akajiona.

"Nipo," akasema. Akatua begi.

Basi nikajiona bingwa. Kesi za ardhi ziliisha. Kila mtoto alikuwa anajua ua lake na la mwenzie. Nikasahau jambo ambalo mtoto wako hakutakiwa kulisahau. Nilidhani ua likitoka mkononi likaingia kwenye karatasi, limeiacha maana yake huko mkononi.

Mama Shamsa ndiye aliyenikumbusha. Huyu anapika chapati kwenye kona ya shule, na maneno anayatoa ya moto kuliko chapati. Alikuja kumchukua mwanawe, akasimama mlangoni, akautazama ukuta, akaweka mkono kifuani.

"Mwalimu. Mahari ya Shamsa kapokea nani?"

"Mahari gani tena, mama?"

"Si mmemwoza! Ua limejaa, shina halijakatwa, limezunguka mpaka juu. Hiyo si hina ya bibi harusi? Haya, biriani mmelipikia wapi, mbona sie wazazi hatukualikwa?"

Madirishani tayari pamejaa. Mama mwingine, Mama Twaha, akapenyeza kichwa. "Hee! Na Twaha wangu yumo! Mtoto wa kiume kapambwa mpaka utosini! Yeye kaolewa na nani?"

"Darasa zima, shoga. Kwa mkupuo. Wamebana matumizi."

Walicheka, nami nikacheka nao ili nisilie. Lakini maneno yakitoka dirishani hayarudi na kicheko chake. Yalipofika ofisini kwa Mwalimu Mkuu yalikuwa yameshavua utani: shule yetu inawaozesha watoto wa awali.

Mwalimu Mkuu wetu ni mtu wa Newala, mpole, anayeongea kama anachambua korosho, nzuri huku, mbovu kule. Aliniita. "Mwalimu Rehema, najua hukukusudia. Lakini watoto na harusi havikai ukuta mmoja. Jambo hili likifika kwa wakubwa sina sentensi ya kulielezea. Jumamosi wazazi wote wanakuja mkutanoni. Sitaki kuona ua hata moja."

Kilichoniuma ni kwamba alikuwa na haki. Angekuwa amekosea ningebishana, na kubishana nakuweza.

Nikabandua. Nasra alinikuta nikibandua la kwake, akasimama nyuma yangu, hakulia. Akasema kwa sauti ya mtu mzima anayefukuzwa nyumbani na ndugu wa marehemu, "Sasa mie nitakuwa wapi?" Mama yake alikuwa mlangoni na alisikia. "Mwalimu, Jumamosi nitakuja mkutanoni," akasema. "Jumatatu usimtegemee."

Mama, hapo ndipo uliponijia. Sikukuona ndotoni wala sikusikia sauti. Nilikumbuka tu ile alasiri ya kuamkia sikukuu, watoto wa mtaa mzima wamejipanga kuanzia kizingitini kwetu mpaka kwenye bomba la maji, kila mmoja amenyoosha kiganja. Hawa ulikuwa unawapaka bure. Na hukuwachorea maua hata wakilia. "Mtoto anawekwa alama tu," ulisema. "Shina atalipata akikua." Ncha za vidole unazichovya, na katikati ya kiganja unaweka alama ndogo.

Ila wale watoto walikuwa wezi, Mungu awahifadhi. Wakishapakwa mkono mmoja wanaficha mgongoni, wanarudi mwisho wa foleni na mkono wa pili na uso wa malaika. Ndipo ukatunga sheria yako: kila nyumba na alama yake. Hawa samaki, wale mwezi, wale kitana, wale funguo, wale buli. "Nyumba ya samaki nimeshawamaliza! Wewe samaki unatoka wapi?" Na siku ya sikukuu yenyewe, pale uwanjani kwenye bembea na vigoma, mtoto akipotea watu hawakumuuliza jina, maana akilia halitoki. Walimfungua kiganja. "Huyu funguo. Mpelekeni kule kwenye nyumba ya baraza refu."

Hukuwahi kumwambia mtu kwamba umebuni kitu. Ulikuwa unazuia wizi wa hina.

Nikarudi kuyapima maneno ya Mwalimu Mkuu, moja moja, kama mwanasheria. Alisema hataki ua. Maua aliyakataza yote. Samaki hakuwataja.

Alama zile sikuwa na picha yake hata moja. Nani alipiga picha kiganja cha mtoto siku hizo? Nilikaa na simu, nikafumba macho, nikakiacha kidole kiende. Kilikumbuka kuliko kichwa. Samaki wako mwenye jicho kubwa na mkia wa haraka. Mwezi wako uliolala chali. Kitana chenye meno yasiyolingana. Nikapachika alama moja kwenye pembe ya kila picha, na ukingoni nikaweka vile vitone vya ncha za vidole vilivyochovywa. Shina hakuna. Jani hakuna. Ila alama ipi ilikuwa ya nyumba ipi, hapo akili iligoma kabisa. Nikagawa nilivyotaka. Palipojirudia alama, nikabadili rangi. Nasra nikampa mwezi.

Jumamosi wazazi wakaja. Ukumbi hatuna, kwa hiyo mkutano ulifanyikia darasani kwangu, watu wazima wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika masikioni. Mwalimu Mkuu alikuwa amenipita mlangoni, akautazama ukuta, akaguna mguno ambao sikuweza kuusoma. Akafungua mkutano kwa suala la vyoo. Alizungumza vyoo peke yake. Wazazi wote walikuwa wameugeukia ukuta, wananong'ona, wanaoneshana vidole, na mie nasema leo nakwisha.

Mama Shamsa akasimama.

"Samahani, Mwalimu Mkuu, vyoo vipo tutavirudia. Mwalimu Rehema, mwanangu kwa nini umempa kitana?"

"Hakukipenda?"

"Kitana sicho chetu. Sie samaki."

Mama Shamsa akakunjua kiganja chake, unga wa chapati umekaa kwenye mikunjo, akapigilia kidole katikati. "Hapa. Kila sikukuu. Nyumba ya babu Kombo yenye mlango wa kijani, sie ni samaki tangu tunazaliwa. Na samaki wetu umempa nani? Umempa Twaha! Hao ni mwezi!"

"Kweli sie mwezi," akadakia Mama Twaha, amesimama mpaka kile kiti kikaja naye. "Nilikuwa najiuliza mbona napaona pabaya na sijui pana nini!"

Baba mmoja mwenye kofia, yule yule wa mbwa, akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Funguo," akasema kwa aibu. "Mimi ni funguo."

"Wewe funguo ndiye uliyekuwa unarudi foleni mara mbili!" akadakia mmoja.

"Mara tatu," akasema. "Mara moja hamkuniona."

Mama, mkutano ulivunjika hapohapo, ukazaliwa mwingine. Watu wamesogea ukutani, viganja wazi, wananyang'anyana alama. Buli ni ya kina nani? Kitana si cha wale waliohamia Mbagala? Hapana, binti yao kaolewa huku, mwanawe si huyu hapa! Walikuwa wanazibadilishana picha kwa mabishano, na kila aliyeipata ya kwake alitulia ghafla, kama mtu aliyekanyaga nyumbani.

Mama Shamsa akanigeukia. "Hebu kwanza. Hizi ni alama za Bi Tatu. Wewe mwalimu umezitoa wapi?"

"Bi Tatu ni mama yangu."

Akaniondoa miwani usoni kwa mkono wake mwenyewe. Akanitazama. "Rehema? Rehema mpepeaji? Si ndiye uliyenikuna pua mie siku ya harusi yangu!"

Nami ndipo nikamtambua. Zamani nilimjua kwa pua, na siku hizi pua ile imezungukwa na mashavu. Akanikumbatia, akanipaka unga mgongo mzima, akawatangazia watu kama mnadani: "Mtoto wa Bi Tatu huyu! Jamani, Bi Tatu ana mtu!" Wakapiga vigelegele, mama. Kwenye kikao cha vyoo.

Mwalimu Mkuu alikuwa bado amesimama mbele na karatasi yake. Nikajua sasa anakuja. Akaja. Akasogea ukutani, akavaa miwani ya kusomea, akapita picha moja moja, mikono nyuma.

"Nilisema sitaki ua," akasema.

"Hakuna ua, mwalimu."

"Naona." Halafu akasema, si kwangu hasa, bali kwa ukuta: "Bibi yangu kule Newala alikuwa na alama usoni. Mistari hivi, inapinda hivi. Wajukuu tulikuwa tunamcheka. Akatuambia, 'Nyie chekeni. Mie nikifia mbali, watajua pa kunirudisha.'" Akavua miwani, akaipangusa muda mrefu kuliko vumbi lililokuwapo. "Hizi zibaki. Atakayebandua hata moja atajibu kwangu. Sasa turudi kwenye vyoo."

Ningeishia hapa ungesema ndiyo ushindi wenyewe. Lakini ngoja. Mama Twaha alikuwa anausaka mwezi wake, na mwezi ulikuwa kwenye picha ya Nasra.

Mama yake Nasra alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango, mtoto mapajani. Tangu kikao kianze hakufungua kiganja. Akasimama, akasema polepole, "Chukueni tu mwezi wenu, dada. Sie hatuna alama. Tumehamia."

"Abaki nao bwana," Mama Twaha akasema, amelainika. "Mwezi kwani unakwisha?"

"Hapana. Cha watu ni cha watu." Na alisema bila kinyongo, ila alishamshika mwanawe mkono, anaelekea mlangoni, na Nasra ameshafungua mdomo, mashine inapata moto. Nikaiona Jumatatu yangu. Nikaona mahali pake ukutani peupe.

"Wewe Rehema!" Mama Shamsa akanifokea. "Umesimama nini? Mchoree! Kwani mama yako, mtu akihamia, alimwambia subiri babu yako azaliwe hapa?"

Mama, sikuwa nimewahi kuchora chochote ambacho hukukichora wewe kwanza. Maua yalikuwa yako, samaki wako, mwezi wako. Kidole changu maisha yake yote kimetembea ulikopita. Nikachuchumaa mbele ya yule mtoto na simu, watu wamenizunguka. Nikachora nyota.

Nasra akatazama. "Sitaki hiyo."

Nikachora taa.

"Sitaki."

"Unataka nini basi, mama?"

Akafuta kamasi. Akafikiri kama mtu anayechagua kiwanja. "Kuku."

Watu wakacheka. Mie nikachora kuku. Akanisogelea, kidevu kwenye bega langu, akaanza kunisimamia. "Na miguu. Kuku hana miguu?" Nikaweka miguu. "Mdomo mkali." Nikanoa mdomo. "Mkia wake uko juu, si hivyo." Nikapandisha mkia. Yaani mtoto tuliyekuwa tunambembeleza wiki nzima, kumbe ni mteja mgumu kuliko wa Msasani. Kuku alipokamilika hakuwa kuku wa maana sana, mama, alikuwa na shingo ya mbuni. Lakini alikuwa kuku wa nyumba ile na hakuna nyingine. Mama yake Nasra alimtazama kwenye simu, akaomba amshike kidogo, akawaonesha wenzie mmoja mmoja: "Sie kuku." Alivyolisema, ungedhani amekabidhiwa hati. Jioni hiyohiyo nikamprinti, nikambandika.

Tangu siku hiyo sina pumziko. Waliotoka bara wote wamekuja kudai alama. Wamo wa chungu, wa jembe, wa kinu. Mlinzi wa duka la jirani alitaka tochi kwa ajili ya mwanawe. Baba wa bodaboda alitaka pikipiki. Nikamwambia kwa mama yangu vyombo vya moto havikuwahi kuingia kiganjani, halafu nikamchorea. Mwalimu Mkuu alikuja mwenyewe, akafunga mlango, akanipa picha yake ya ofisini na karatasi yenye mistari ya bibi yake aliyoichora kwa penseli, akaniambia nisiwe na haraka, kisha akasimama hapohapo kungoja.

Nikwambie kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu. Siku ya msiba wako watu walikuwa wanataja walichoachiwa na wazazi wao, nyumba, kiwanja, mashine ya kushonea, na mie nikawa naona wivu wa kimya. Nilisema mama yangu amefanya kazi maisha yake yote, na kazi yenyewe imeshaoshwa kwa sabuni majumbani mwa watu. Leo narudisha maneno hayo. Hina ilitoka, alama haikutoka. Ilikuwa imekaa viganjani mwao miaka yote hiyo, wanapikia chapati, wanafungia milango, wanashikia watoto, inangoja tu mtu aulize. Natembea kwenye mtaa huu kifua mbele, mama. Watu hawaniiti tena mwalimu. Wananiita mtoto wa Bi Tatu, na naitika haraka kuliko jina langu.

Jumatatu ile baada ya mkutano nilifika mapema. Mlangoni hapakuwa na mtu anayelia. Nikaogopa, nikadhani hakuja. Nikaingia. Nasra alikuwa ndani, begi limeshawekwa mahali pake, amesimama mbele ya picha yake amenyoosha mikono yote miwili kama polisi wa barabarani, na wenzie wamejazana mbele yake wanataka kumgusa yule kuku.

"Rudini nyuma," anawaambia. "Huyu wangu. Anadonoa."

Basi mama, kengele hiyo imegongwa na mabegi yanaingia. Nakuacha upumzike, mie nina kazi.

Mwanao kitindamimba,
Rehema